Mkuu wa shule, wazazi na walimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuaminiana

Maswali haya hujirudia kila wazazi, walimu na wajumbe wa kamati za shule wanapokaa kuzungumzia shule zao. Majibu yanahusu zaidi shule za serikali za Tanzania Bara, ingawa mengi yatamfaa hata msomaji wa Mombasa au Bujumbura.

Tunaposema "mkuu" tunamaanisha nani?

Shule ya msingi ina mwalimu mkuu, sekondari ina mkuu wa shule. Hapa nawaita wote wawili "mkuu", kama walimu wenyewe wanavyosema ofisini. Wote wawili huteuliwa na mamlaka za juu. Mzazi hapigi kura, na mwalimu wa kawaida haulizwi.

Kwa nini imani ya shule nzima imtegemee mtu mmoja?

Kwa sababu kila karatasi inapita mezani kwake. Yeye ni katibu wa kamati ya shule, kwa hiyo ndiye anayeandika muhtasari wa kikao ambacho mwenyekiti wake ni mzazi. Saini yake inahitajika benki. Anapanga nani afundishe darasa lipi, nani awe mwalimu wa taaluma, nani apewe ruhusa ya kwenda kuuguza. Hata tathmini ya utendaji wa walimu, ambayo siku hizi hujazwa kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kielektroniki wa kupima utendaji, haiendi mbele bila yeye.

Mzazi anamjua mwalimu wa darasa la mtoto wake tu. Mwalimu anawajua wazazi wachache, mara nyingi wale wenye malalamiko. Mkuu peke yake ndiye anayesikia pande zote mbili ndani ya siku moja. Yale ya upande mmoja yasipofika upande wa pili, uvumi unachukua nafasi.

Baada ya kuangalia shule nyingi, nimebaki na msimamo mmoja: watu humwamini mkuu anayerudisha jibu. Jibu si lazima liwe zuri. "Nimefuatilia, halmashauri imesema hapana kwa mwaka huu" ni jibu. Linalovunja watu moyo ni "nitalishughulikia" inayoishia hapo hapo mlangoni.

Kuna utafiti wowote, au ni maoni tu?

Upo. Unaotajwa zaidi ulifanyika Chicago, Marekani, ambako katika miaka ya 1990 Anthony Bryk na Barbara Schneider walifuatilia shule za msingi zaidi ya 400 za jiji hilo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Shule ambazo mkuu, walimu na wazazi waliaminiana sana zilikuwa na nafasi 1 kati ya 2 ya kuwa miongoni mwa shule zilizopanda katika kusoma na hisabati. Zile ambazo kuaminiana kulikuwa duni zilikuwa na nafasi 1 kati ya 7.

Watafiti hao waliona kwamba watu shuleni hupimana kwa mambo manne. Je, ananiheshimu na kunisikiliza? Ananijali kama mtu, au hunitafuta akiwa na shida tu? Kazi yake anaiweza? Na anachosema ndicho anachotenda? Ukikosa moja, mengine matatu hayatoshi. Mkuu mpole asiyejua kuandaa ratiba hataaminiwa na walimu, na mkuu hodari wa kazi anayewadharau wazazi naye hataaminiwa.

Jambo jingine walilolisisitiza ni kwamba mwenye madaraka zaidi ndiye wa kuanza. Mzazi anaogopa kwamba akilalamika mtoto wake ataonewa. Mwalimu anaogopa kwamba akipinga atahamishiwa shule ya mbali. Mkuu ndiye wa kuondoa hofu hiyo, kwa sababu yeye ndiye anayeogopwa.

Tukumbuke tofauti moja kubwa. Kwa sheria ya mwaka 1988 ya jimbo la Illinois, kila shule ya Chicago ilipewa baraza lenye wazazi wengi, na baraza hilo ndilo linalomwajiri mkuu kwa mkataba wa miaka minne. Kwetu mkuu anafika na barua ya uteuzi mkononi. Imani anaanza kuitafuta akiwa tayari ameketi ofisini, na wapo wanaodhani kwamba barua ile inatosha.

Mkuu anayejishughulisha na watu anafanya nini hasa? Kusimama getini asubuhi?

Kusimama getini ni vizuri. Anawaona watoto wanaokuja bila viatu, wanaochelewa kwa sababu wamepita kuchota maji, na mzazi asiyethubutu kuingia ofisini anapata nafasi ya kusema neno. Lakini nimeona wakuu wanaosimama getini na fimbo tu, na huko si kushirikiana na mtu yeyote.

Kinachohesabika ni mambo madogo yanayorudiwa. Anaingia madarasani, na baadaye anakaa na mwalimu kuzungumzia kipindi, si kumwandikia tu dosari. Anahudhuria msiba wa familia ya mwanafunzi. Anawajua wazazi kwa majina ya watoto wao, Mama Rehema, Baba Juma. Ana daftari moja ambalo kila swali analoletewa linaandikwa humo na tarehe, jina la aliyeuliza, na siku aliyopewa jibu. Safu ya mwisho ikiwa tupu, kazi haijaisha.

Elimu ni bila ada. Kwa nini basi ugomvi mwingi wa wazazi na mkuu ni wa fedha?

Hili linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndipo imani nyingi inapovunjikia.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 serikali ikaanza kupeleka fedha za ruzuku moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Wazazi wengi walilielewa jambo hilo kwa neno moja: bure. Lakini mzigo wa mzazi haukuisha. Sare, madaftari, kalamu na chakula vilibaki kwake. Mwaka huo huo wa 2016 watoto walimiminika shuleni, madarasa yakafurika, na mahitaji yakaongezeka.

Sasa tazama hesabu yenyewe. Kiwango cha ruzuku kilichoanza 2016 kwa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zilibaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikafika shuleni. Gawanya kwa miezi 12: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, shule yenye watoto 600 inapata 300,000 kwa mwezi. Humo itoe chaki, rimu za karatasi za mitihani, ukarabati wa madawati, vifaa vya usafi, michezo na nauli ya mkuu kwenda halmashauri. Mlinzi wa usiku yuko nje ya hesabu hiyo. Bili ya maji nayo ni mtihani.

Mzazi anasikia redioni kwamba serikali inatoa mabilioni ya shilingi kila mwezi kwa elimu, kisha anaambiwa achangie mlinzi. Kama hajawahi kuonyeshwa hesabu ya shilingi 500, atahitimisha kwamba mkuu anakula. Mkuu kwa upande wake anaogopa kusema fedha ni ndogo, asije akaonekana anaisema vibaya serikali. Anakaa kimya, na kimya hicho kinamgharimu jina lake.

Hali ikawa ngumu zaidi Januari 2018, pale Rais John Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni na kuagiza walimu wasiishike fedha hizo kabisa, na mzazi mwenye nia ya kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Agizo lile lilitokana na kero ya kweli: watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya michango. Lakini wakuu wengi tangu hapo waliacha hata kuwaeleza wazazi mahitaji ya shule, na hilo halikuwa katazo. Kueleza si kutoza.

Basi mkuu afanye nini kuhusu fedha ili aaminiwe?

Aziweke ukutani. Mbao za matangazo zenye mapato na matumizi zilihimizwa tangu enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa mwaka 2002 hadi 2006, na bado unakuta shule ambako ubao upo ila una tangazo la mahafali ya mwaka juzi.

Tangazo zuri linasomeka na mtu aliyeishia darasa la saba. Lisiandikwe "matumizi mengineyo". Liandikwe hivi: "Mwezi wa Machi tumepokea shilingi 300,000. Tumenunua rimu 6 za karatasi kwa ajili ya mtihani wa nusu muhula. Tumetengeneza madawati 9. Tumelipa fundi wa bomba. Zimebaki shilingi kadhaa, zipo benki. Risiti zipo ofisini, mzazi yeyote anakaribishwa kuziona." Chini kuwe na saini ya mkuu na ya mwenyekiti wa kamati.

Sentensi ile ya risiti ndiyo yenye nguvu. Wazazi wengi hawatakuja kuziona. Ila wanajua wangeweza.

Kwa chakula, ambacho wazazi wengi huchangia kwa mahindi na maharage, dawa ni stoo yenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mwalimu wa chakula, mwingine kwa mzazi aliyechaguliwa na wenzake. Mahindi yapimwe wakati wa kuingia na kila asubuhi yanapotoka. Nimeona mtaa uliogoma kuchangia makande ukarudi kuchangia baada ya kufuli ya pili tu, bila mkutano wala hotuba.

Mzazi amekuja amekasirika. Mkuu ampokeeje?

Tuchukue mfano wa kawaida. Saa mbili asubuhi anaingia bibi mmoja, anamlea mjukuu ambaye wazazi wake wako mjini.

"Shikamoo bibi, karibu ukae."

"Marahaba mwanangu. Sikai. Jana huyu mtoto karudi nyumbani saa nne, anasema kafukuzwa kwa hela ya mitihani. Mimi hela hiyo nitaitoa wapi?"

Mkuu wa kwanza anajibu: "Bibi, mimi sina taarifa hiyo. Nyie mnawasikiliza sana watoto. Nani kamfukuza?" Kwa maneno hayo tayari bibi ameambiwa kwamba mjukuu wake ni mwongo na yeye ni mpumbavu.

Mkuu wa pili anavuta kiti. "Bibi, pole. Mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wowote, na leo anaingia darasani. Nipe nafasi nimwulize mwalimu wa darasa nijue ilikuwaje. Keshokutwa asubuhi nitakupigia. Una simu, au nimpigie jirani?" Anaandika namba mbele ya macho yake.

Keshokutwa anapiga. Pengine atakuwa amegundua kwamba mwalimu hakumfukuza mtoto, alisema tu "wasioleta hela wasimame nje" kwa dakika tano, na mtoto kwa aibu akaondoka. Amwambie bibi hivyo hivyo, na amwambie mwalimu ameelekezwa nini. Simu ya dakika tatu. Jioni ile ile bibi atawasimulia wenzake kisimani, na hakuna tangazo la shule linalofika mbali kama simulizi hiyo.

Na yule mwalimu je? Mkuu akimsikiliza mzazi, walimu hawataona wamesalitiwa?

Wataona hivyo kama mkuu atamhukumu mwalimu mbele ya mzazi. Hilo asilifanye kamwe. Asikilize, asitoe hukumu, aende kumsikiliza mwalimu peke yake, mlango umefungwa. Mwalimu akiwa amekosea aambiwe hapo, na apewe nafasi ya kumwomba radhi mzazi mwenyewe kabla ya kulazimishwa. Akiwa hajakosea, mkuu amtetee waziwazi, hata kama mzazi ni diwani au mfadhili wa shule.

Kuna wakuu wanaodhani kumlinda mwalimu ni kufunika kila kosa. Walimu wazuri hawapendi hilo. Mwalimu anayekuja kila siku anajua nani haji, nani anauza karanga na maandazi kwa watoto wakati wa vipindi, nani analewa. Mkuu akinyamaza, anayekata tamaa ni yule anayefanya kazi.

Viboko: suala hili linavunjaje imani, na mkuu ana nafasi gani?

Kanuni za adhabu ya viboko, za mwaka 1979 na zilizorekebishwa 2002, ziko wazi. Si zaidi ya viboko vinne. Mwenye mamlaka ni mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Na kila adhabu iandikwe kitabuni pamoja na kosa lake.

Kwa hiyo mtoto anapochapwa na mwalimu yeyote, darasa zima, kwa kushindwa hesabu, kilichovunjwa ni mamlaka ya mkuu mwenyewe. Uliza shule: kitabu cha adhabu kiko wapi? Mara nyingi hakuna anayejua. Mkuu anayekifungua kitabu hicho na kukikagua kila Ijumaa atapunguza viboko bila kupiga kelele, kwa sababu mwalimu analazimika kuandika kosa, na makosa mengi yakiandikwa yanaonekana si makosa. Mimi ningependa fimbo iondoke kabisa, kama Kenya ilivyoamua kisheria. Lakini mpaka hapo, kanuni iliyopo ikifuatwa neno kwa neno ingewaokoa watoto wengi na maumivu, na walimu wengi na polisi.

Walimu wenyewe hupoteza imani kwa mkuu kwa mambo gani?

Wanayoyataja zaidi si makubwa. La kwanza ni kufokewa mbele ya wanafunzi au wenzao. Mwalimu amechelewa, mkuu amekwisha kuchora mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio, halafu anamsema pale pale watoto wa darasa la sita wakiwa wamesimama dirishani. Mstari ulitosha. Mazungumzo yalitakiwa yawe ya watu wawili.

La pili ni upendeleo. Nani anatumwa kwenye semina yenye posho, nani anasimamia mitihani ya taifa, nani anapewa nyumba ya mwalimu ikiachwa wazi. Mkuu anayeweka utaratibu wa zamu ukutani, kila mtu akaona jina lake litafika lini, anamaliza nusu ya minong'ono.

La tatu ni barua zinazopotea. Mwalimu ameandika barua ya uhamisho au ya malimbikizo, amepitishia kwa mkuu kama utaratibu unavyotaka, na miezi inapita. Hajui kama barua ilifika halmashauri au iko chini ya faili. Mkuu ampe nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kwa mwalimu aliyetenganishwa na familia yake kwa kilomita 800, mhuri huo ni jambo kubwa kuliko hotuba yoyote ya kutia moyo.

La nne ni PEPMIS. Tathmini ikifanywa siku ya mwisho, mkuu akajaza alama bila kukaa na mwalimu, mwalimu anajifunza kwamba kazi yake haionekani. Na MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, yanaenda vizuri pale ambapo mkuu mwenyewe anakaa kwenye kiti kama mwanafunzi na kukubali kufundisha somo lake mbele ya wenzake. Akibaki ofisini, walimu watasaini mahudhurio na kuondoka.

Wazazi hawaji kwenye vikao. Hawajali?

Wanajali. Angalia kwanza tarehe: je, ni siku ya gulio? Ni msimu wa palizi? Barua ilisema saa mbili na kikao kikaanza saa tano? Halafu angalia ajenda: je, kwa miaka mitatu kila kikao kimekuwa cha kuomba fedha?

Halafu kuna aibu. Yapo mazoea ya kusoma matokeo hadharani, mtoto wa kwanza hadi wa mwisho. Mama wa mtoto wa mwisho hatarudi tena, nami simlaumu. Badala yake wazazi waanze kwa kukaa darasani na mwalimu wa darasa, kila mmoja afungue daftari la mtoto wake, aulize anachotaka, ndipo wote wakutane chini ya mwembe kwa mambo ya pamoja. Na mkuu aanze kikao kwa kusoma maswali ya kikao kilichopita na majibu yake. Wazazi wakishaona waliyoyasema yamefanyiwa kazi, watakuja.

Kundi la WhatsApp la wazazi linasaidia?

Kwa matangazo, ndiyo. Kwa mambo ya mtoto mmoja mmoja, hapana kabisa. Hayo ni ya simu au ana kwa ana. Na mkuu asisahau kwamba wazazi wengi wana simu ya kitochi. Kila tangazo la kundini liende pia kwa ujumbe mfupi au kwa karatasi mkononi mwa mtoto, la sivyo shule itakuwa na wazazi wa daraja la kwanza na wa daraja la pili.

Kamati ya shule na UWAWA vinatofautianaje? Vina kazi gani hapa?

Kamati ya shule ni chombo cha usimamizi: inapitisha mpango na bajeti ya shule. Sekondari ina bodi. UWAWA ni ushirikiano wa wazazi na walimu, unaowakutanisha wawakilishi wa wazazi wa kila darasa na walimu kuzungumzia mahudhurio, chakula na maendeleo ya watoto.

Kasoro inayozoeleka ni kamati kuitwa kutia saini mambo ambayo yamekwisha kuamuliwa. Dalili yake ni muhtasari usio na swali hata moja. Mkuu anayetaka kuaminiwa awape wajumbe taarifa ya fedha siku kadhaa kabla ya kikao, wapate muda wa kuisoma na kumwuliza mtu wanayemwamini, na aandike kwenye muhtasari hoja za waliopinga pamoja na majina yao kama wamekubali. Kenya nako mkuu ndiye katibu wa bodi ya usimamizi kwa sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013, na hatari ni ile ile.

Binti aliyejifungua anarudi shule. Mkuu anaathirije?

Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, kurejea katika mfumo rasmi. Waraka unamfungulia geti. Kama atabaki darasani ni suala la siku zinazofuata. Mwalimu mmoja akimwita "mama fulani" mbele ya wenzake, binti atatoweka ndani ya wiki.

Kabla hajarudi, mkuu akae na walimu wote, awaambie wazi ni lugha gani haitavumiliwa. Amtembelee mama wa binti nyumbani, aulize nani atakaa na mtoto mchanga wakati wa vipindi. Amteue mwalimu mmoja wa kike awe wa kumwendea. Familia nyingine zote zinatazama. Zinapima kama shule hii humtupa mtoto akianguka.

Shule binafsi nazo?

Tofauti kubwa ni kwamba mzazi analipa, na mmiliki yuko juu ya mkuu. Mkuu akiwa hana mamlaka ya kujibu chochote bila kumpigia mmiliki, wazazi watalijua hilo haraka na kumpita. Ni vizuri mmiliki na mkuu wakubaliane mapema kwa maandishi mambo ambayo mkuu anayaamua mwenyewe.

Mkuu mpya aanze na lipi?

Asianze na mabadiliko. Aanze na kusikiliza mwalimu mmoja mmoja, nusu saa kila mtu, na mpishi na mlinzi pia. Amwulize kila mmoja jambo moja linalomzuia kufanya kazi vizuri. Kisha achague moja dogo linalowezekana, choo cha walimu kisicho na mlango, kwa mfano, alimalize ndani ya mwezi, na awaambie: mlisema, limekwisha. Amtembelee mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na viongozi wa msikiti na kanisa. Shule ambayo mkuu aliyepita alituhumiwa wizi itahitaji pia kufungua vitabu mapema: aombe ukaguzi wa mahesabu kabla hajaanza kutumia hata shilingi.

Mkuu hasikii na fedha hazieleweki. Mzazi au mwalimu aende wapi?

Kwanza kwenye kamati, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Kisha kwa afisa elimu kata, halafu afisa elimu wa halmashauri na mkurugenzi. Wathibiti ubora wa shule nao wanapokuja huzungumza na wazazi na wanafunzi, kwa hiyo waambieni. Kama kuna ushahidi wa wizi au rushwa, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ina ofisi wilayani. Mwalimu ana chama chake cha wafanyakazi, na masuala ya kiutumishi yana Tume ya Utumishi wa Walimu. Andikeni tarehe, kiasi na majina ya walioshuhudia. Malalamiko ya jumla, "mkuu ni mbaya", hayana pa kuanzia.

Mkuu aliyeaminiwa akihamishwa, kila kitu kinarudi nyuma. Tufanye nini?

Hili linaumiza, kwa sababu uhamisho huja katikati ya mwaka na kwa taarifa fupi. Hati ya makabidhiano kwa kawaida inaorodhesha madawati, vitabu, salio la benki na mihuri. Iongezwe na daftari la maswali. Mkuu anayeondoka apitie kila mstari ambao haujajibiwa na aandike umefikia wapi: barua ya mwalimu fulani ipo kwa afisa utumishi, mzazi fulani anasubiri jibu la chumba cha mtihani cha mtoto wake mwenye uoni hafifu, fundi wa paa amelipwa nusu. Mwenyekiti wa kamati awepo na atie saini. Kisha mkuu mpya awapigie watu hao simu wiki ile ile ya kwanza, kabla ya kuitisha kikao chochote.